Jani la Isale na Kaseti ya Siku ya Mvua

Mwezi uliopita Manka alisimama nje ya geti langu hapa Kikwe, akachuma jani la isale kwenye ua wangu mwenyewe, akalifunga fundo, akanyoosha mkono juu ya geti kunipa. Kwa miaka thelathini na ushee hatukuwahi kusemezana zaidi ya "habari za siku nyingi" kwenye misiba ya watu wengine, halafu anakuja kuniomba msamaha kwa jani langu. Hata jani hakubeba kutoka kwao! Nilikuwa na upawa mkononi, mtori, supu yetu ya ndizi, unatokota jikoni, na mimi ni mtu ambaye mtori ukiungua basi siku nzima imeungua. Nilimtazama. Alikuwa amezeeka vizuri, mshenzi yule. Mgongo umenyooka, kitenge kipya, nywele nyeupe mbele tu kama aliyezipaka makusudi. Nilisikia uso wangu unapata moto kama wa msichana wa miaka kumi na tisa, na huo ndio mwaka ambao sijaumaliza mpaka leo.

Kwa msomaji asiye wa kwetu niseme kidogo. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Mchaga akikukosea kosa la kweli, lile ambalo maneno hayalifiki, anakuletea jani lake. Huwezi kulikataa, hata kama amekuulia ng'ombe. Unalipokea, na ukishalipokea neno lile limekufa. Halitajwi tena na wewe wala na mwingine, na anayelifukua ndiye anakuwa mkosaji. Tena mwenye isale haulizwi amekosa nini. Si kwamba ni mwiko kuuliza, ila siku zote aliyekosa na aliyekosewa wanajua wote wawili, basi nani atauliza? Hapo ndipo nilipoponzwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa katika ile miaka ambayo maduka ya Arusha yalianza kujaa. Sabuni haikupangiwa foleni tena, mitumba ilimwagwa chini kwa marundo, na mashirika ya umma yalikuwa yanakufa moja moja kama kuku wa mdondo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yalikuwa ya namna ambayo ukishayasema mara moja hakuna anayekuuliza mara ya pili. Nilikaa Sekei kwa shangazi yangu, kazi yangu kufuma vitambaa. Nilifuma vya makochi, vya meza, vya redio, hata cha chupa ya chai. Aliyekuwa hajafumiwa ni mbwa tu. Nilipenda ndani. Nilipenda kochi la dirishani, ukungu wa mlima ukishuka nje na mimi niko upande mwingine wa kioo. Manka, niliyesoma naye darasa moja, alikuwa akifika anapiga makofi mlangoni na kuita, "Kobe! Toa kichwa nje, jua limetoka." Kobe lilikuwa jina langu. Kila mtu mtaani alilitumia, na mchungaji naye aliwahi kuteleza siku moja akaniita hivyo.

Yeye ndiye aliyenitoa ndani. Siku hizo bendi zote zilikuwa na mwenyewe: bendi ya shirika, bendi ya jeshi, bendi ya mwenye baa. Vyombo vya mwenyewe, sare za mwenyewe, na kila baada ya nyimbo mbili anasifiwa mwenyewe. Halafu Manka akaniambia kuna vijana wanne Kimandolu wanajiita Majivu, hawana mwenyewe. Walipiga Jumamosi saa nane mchana kwenye ghala lililoachwa na shirika moja lililokufa, kwa ruhusa ya mlinzi ambaye hakuna aliyekumbuka kumwachisha kazi. Watu waliita muziki ule roki; wengine waliita kelele. Gitaa la Ombeni, yule mwimbaji, lilikuwa na waya wa breki ya baiskeli mahali pa nyuzi mbili, na amplifaya ilijengwa na fundi redio ndani ya kabati la vyombo. Gitaa likichachamaa milango ya kabati ilikuwa inagongana, nayo ikawa kama chombo cha tano. Tulikaa juu ya magunia yaliyonuka kahawa, watu thelathini, wakizidi sana arobaini. Siku ya kwanza nilikwenda na mto wa kukalia na chupa ya chai ya tangawizi. Manka alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Ombeni alipoanza wimbo ule wa "Sina Mwenyewe", nyumba ina mwenyewe, ng'ombe ana mwenyewe, mimi sina mwenyewe, nilisahau chai mpaka ikapoa. Sijawahi kusahau chai kabla wala baada. Mimi niliyekuwa na wenyewe kila upande, shangazi, kanisa, mtaa, vitambaa, niliona kuna mahali pamoja duniani pasipo na mtu wa kuombwa ruhusa, napo ni pale Kimandolu, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu.

Kuanzia hapo sikukosa Jumamosi hata moja. Na kwa kuwa mtu wa ndani akipenda kitu hutaka akiweke ndani, nilianza kurekodi. Redio kaseti ya shangazi, iliyokaa sebuleni chini ya kitambaa changu, nilikuwa naibeba mgongoni kwa khanga kama mtoto, maana ukiibeba mkononi hufiki nayo. Betri nilizianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu za mchana. Njiani wamama wananisimamisha. "Hajambo mtoto?" Nami najibu, "Hajambo, amelala." Manka anakufa kwa kicheko. "Kobe, siku akiamka akasoma taarifa ya habari utasemaje?" Tukifika namkalisha mtoto juu ya gunia la mbele, nabonyeza vitufe viwili pamoja, na Manka anakaa pembeni yangu ameshika kidevu, hasemi neno mpaka wimbo uishe. Nilidhani sote wawili tunasikiliza gitaa.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya masika. Mvua ilikuja kutoka mlimani kama imetumwa, ikalipiga bati la ghala mpaka tukawa tunaona midomo ya watu tu. Bendi nyingine ingefunga virago. Majivu wakaongeza sauti, kabati likagonga milango, mvua ikaongeza, nao wakaongeza, mpaka ikawa kama wanasutana na mbingu. Kwenye "Sina Mwenyewe" kulikuwa na mahali wote wanaacha kwa pamoja, kimya cha kuhesabu tatu, kisha ubeti wa mwisho. Walipoacha, ikabaki mvua peke yake. Na mimi, ambaye darasani nilikuwa naitikia jina kwa kuinua kidole, nikasikia mtu anapiga kelele: "Usimalize!" Kumbe ni mimi. Ombeni akageuka, akanitazama, akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtukizwa na jambo zuri, na kweli hakumaliza. Waliurudia wimbo ule sijui mara ngapi. Nyumbani niliandika juu ya jalada la kaseti, "Kimandolu, siku ya mvua," nikaitia kwenye bati la biskuti pamoja na kaseti za kwaya za shangazi, nikamwambia Manka, "Hii haitoki humu ndani mpaka nife." Akasema, "Hata mimi huniazimi?" Nikasema, "Hata wewe. Njoo usikilizie hapa, na andazi utapata." Nilikuwa natania, na sikuwa natania.

Miezi michache baadaye wamama wa kanisa walikuwa sebuleni kwa shangazi, mimi jikoni nachambua maharage ya kupika na ndizi za kiburu. Mlango wa jikoni kwetu haukufunga vizuri, na Mungu ananijua, sikuwahi kuutengeneza. "Wale vijana wa makelele wamepata mwenyewe," mmoja akasema. "Yule tajiri wa magodoro." Mwingine akasema, "Si afadhali? Wanapiga gitaa kama wanachuna ng'ombe aliye hai." Shangazi akauliza kama wote wamekubali. "Watatu wamekataa, wameondoka zao. Amebaki yule mrefu na gitaa lake. Na kuna binti anafuatana naye, sijui wa nani." Nikacheka peke yangu pale juu ya maharage. Majivu wapate mwenyewe? Wamama wale waliwahi pia kusema mimi naolewa.

Kisha, siku ya Alhamisi, Manka akaja Sekei bila kupiga makofi. Alisimama mlangoni na jani la isale lililofungwa fundo, ameshika kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Alipoliona jani akaweka ungo chini, akasimama na kufunga khanga yake vizuri, kama ndani ameingia askofu. "Nimekosa," Manka akasema. Hakuniita Kobe, aliniita kwa jina langu la ubatizo. "Naomba unisamehe." Sasa, wiki mbili kabla alikuwa ameazima sweta langu la bluu, akaliunguza kwa pasi ya mkaa, akalirudisha limekunjwa upande mzuri nje. Nikajua ni sweta. Nikaona huyu mtu ana moyo wa ajabu, kuleta isale kwa sweta la mtumba. Nikalipokea jani nikicheka. "Kwa hili tu, Manka? Ungeleta hata andazi." Hakucheka. Alitazama chini, na mimi mjinga nikafurahi kwamba ana haya. Shangazi akasema maneno yake, "Limepokelewa. Yamekwisha. Asiyafukue mtu," akarudi kwenye mchele. Manka hakunywa chai. Alisema ana haraka, tutaonana Jumapili kwenye onyesho, maana Majivu wanapiga mjini, ukumbi mkubwa, mchana kweupe, njoo ukae mbele.

Nilikaa mbele. Ilikuwa Septemba, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Ukumbi ulijaa watu ambao sikuwahi kuwaona Kimandolu, na nyuma ya jukwaa kulikuwa na kitambaa kikubwa cha tangazo la magodoro. Gitaa la Ombeni lilikuwa jipya, jekundu, linang'aa. Nyuma yake walisimama wanaume watatu wenye vyombo, na mmoja nilimfahamu: ndiye aliyebeba godoro la shangazi kichwani kutoka dukani mpaka Sekei. Nikajiambia, kumbe watu wana vipaji. Wakaanza. Sauti ilikuwa kama inatoka ndani ya debe, lakini miaka ile sauti zetu zote zilitoka ndani ya debe, hakuna aliyejali. Mimi nilijali kwa sababu nilisikia milango ya kabati inagongana, na pale jukwaani hapakuwa na kabati. Halafu nikasikia mvua. Jua la saa tisa liko madirishani, vumbi linaelea, na kwenye spika kubwa mbili mvua ya masika inapiga bati la ghala la Kimandolu. Mzee mmoja mbele yangu aliinua macho kuangalia dari, akafunga kifungo cha koti. Nikajua wimbo gani na siku gani, na nikajua kinachokuja. Wale watatu wakaacha vyombo kwa pamoja, kikaja kile kimya cha kuhesabu tatu, na sauti yangu ikatoka kwenye spika, kubwa kuliko mimi: "Usimalize!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na Ombeni, pale pale, akageuka pembeni kutazama mahali pasipo na mtu, akacheka. Kicheko kile kile, kifupi, mdomo umeenda sambamba na kaseti. Alikuwa amekikariri. Mambo mengine yote ningeweza kuyatafuna polepole nikayameza, hata yule mbeba godoro kupiga besi. Kile kicheko, hapana. Nilikuwa nimekiweka mahali ambapo sikuweka kitu kingine mwaka ule. Upande wa jukwaa, nusu nyuma ya pazia, Manka alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkononi ameshika mfuniko wa kaseti. Alinitazama. Kisha umati ukaanza kuitikia, "Usimalize! Usimalize!" na mimi nikamaliza kwa upande wangu, nikatoka.

Nyumbani nilifungua bati la biskuti. Kaseti ilikuwepo, na mwandiko wangu juu ya jalada. Nilipoitia kwenye redio ikaimba kwaya ya vijana, wimbo wa Kwaresma; jalada lilikuwa langu, ya ndani ilikuwa imebadilishwa. Nikamwambia shangazi nakwenda Kimandolu sasa hivi, nakwenda kumuumbua Manka hadharani, kila mtu ajue. Shangazi alikuwa anakata ndizi za mtori. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kisu. "Mae, binti yangu," akasema, "jani ulilipokea?" Nikasema nililipokea kwa ajili ya sweta. "Alisema ni la sweta?" Nikavua kiatu kimoja. "Ulimuuliza?" Nikavua cha pili. Akalia kidogo kwa ajili yangu, nilimwona, lakini alikuwa mtu wa mila kuliko wa machozi. "Basi ameshasamehewa," akasema. "Mimi ni shahidi. Ukilifukua, mkosaji unakuwa wewe." Mtori ule ulikuwa mzuri, nakumbuka. Nilikula bakuli mbili. Watu huandika kwamba waliposalitiwa walishindwa kula. Sijui hao walipikiwa nini.

Manka aliolewa na Ombeni, tajiri wa magodoro akawapeleka Dar, na kaseti ile ikauzwa nchi nzima pamoja na mvua yake na kelele yangu. Vijana waliinunua wakidhani "Usimalize!" ni utundu wa mwimbaji. Nilikuwa nasikia sauti yangu kwenye kinyozi, kwenye duka la nyama, kwenye harusi. Mara moja mhudumu wa hospitali aliiigiza mbele yangu akinitoa damu. Na sikuweza kusema hata neno moja, kwa sababu kwa mila zetu hapakuwa na kosa. Hilo ndilo lililonichosha. Mtu aliyeibiwa ana haki ya kulalamika, lakini mimi niliibiwa, na risiti ya msamaha nilikuwa nimeshaisaini mapema. Nilirudi ndani, na safari hii hakuna aliyepiga makofi mlangoni. Nilipohamia Kikwe kitu cha kwanza nilichopanda ni masale, ua mzima, pande zote nne. Majirani wanasema naheshimu mila. Mimi nilitaka tu nilitazame lile jani kila siku mpaka nilizoee, na sijalizoea.

Basi huyo ndiye aliyekuwa nje ya geti langu. Ombeni tumemzika mwaka huu. Kwenye msiba nilimpa Manka mkono, nikatoa pole, nikarudi nyumbani. Sasa ananyoosha jani, ameshika kwa mikono miwili kama siku ile ya Alhamisi, na mkono wangu, nauapia, ulianza kwenda wenyewe kulipokea, kwa mazoea ya mababu. Nikaurudisha. Nikauweka kwenye upawa.

"Kwanza niambie," nikasema. "Ni la nini?"

Alishtuka. Hakuna anayeulizwa hivyo. "Kobe, si unajua."

"Safari ile pia nilijua. Nilijua ni sweta."

Akataka kucheka, akaona sitanii. Akalishusha jani. Mpita njia mwenye baiskeli akatusalimu, "Shikamooni," tukaitikia wote wawili, tukamsubiri apite. Ndipo akasema. "La kaseti ulishalipokea. Hili si la kaseti. Ombeni alitaka kuikata sauti yako. Alikuwa tayari ameshika kitufe, akasema huyu binti tutamwaibisha. Mimi ndiye niliyemwambia aiache. Nilimwambia watu watacheka." Akaligeuza jani mkononi. "Nilitaka wacheke. Siku ile ya mvua ulipopiga kelele alikutazama wewe. Mimi nilikuwa nimekaa pale pembeni yako Jumamosi zote zile, nimevaa kila nilichokuwa nacho, na hata sweta lako, na hakuwahi kunitazama hivyo. Hata baada ya kunioa, Kobe. Alipougua alikuwa anaiweka ile kaseti, na kikifika kile kimya anaongeza sauti."

Aliendelea muda mrefu, amesimama juani, na harufu ya mtori ikaanza kubadilika huko ndani. Safari hii nilimwacha amalize.

Kisha nikafungua geti. Mtori ulikuwa umeshika chini, tukala wa juu. Aliniomba chumvi, nikampa. Jani nilimwomba aliweke juu ya nguzo ya geti, mahali linapoonekana kutoka kwenye kochi langu la dirishani. Sijalikataa, maana isale halikataliwi. Sijalipokea pia. Anapiga simu kila Jumamosi, saa nane mchana, kuuliza kama bado liko. Namwambia lipo. Isale ni jani gumu, halinyauki upesi, na mimi siendi popote.